Kidole cha Taifa

Kwanza niambieni, nyie ni Radi au Tufani? Nauliza kwa sababu nimelelewa vizuri. Kwetu, Jamhuri ya Nusunusu, mtu haanzi na salamu. Anauliza timu, akishajua ndipo anaamua kama salamu inafaa. Mtoto akizaliwa, mkunga hutoa kichwa mlangoni akaita "Radi!" au "Tufani!" kufuatana na ukoo wa baba, halafu ndipo watu wanauliza kama ni wa kike au wa kiume. Kwenye sensa iliyopita kuna bibi mmoja alijibu kwamba yeye hana timu. Karani akaandika: "Marehemu."

Msije mkadhani tuna timu mbili tu. Sisi si washamba. Shirikisho la dunia linataka ligi iwe na timu kumi na mbili, nasi tunazo kumi na mbili kamili. Gazeti letu, Nusu Leo, huchapa msimamo wa ligi kila Jumatatu: ya kwanza Radi, ya pili Tufani, na chini yake "Na Nyinginezo". Msimu mmoja mojawapo ya hizo nyinginezo ilimaliza juu kabisa. Ikashindikana kuipa kombe, maana hakuna aliyekuwa na uhakika inaitwaje. Kombe likakaa stoo mpaka Radi ilipopata nafuu.

Radi ikishinda tunaandika "Radi yashinda tatu bila". Kamfunga nani? Ala! Kwani wewe ukila ugali unauliza jina la mkulima? Radi ikifungwa tunaandika "Radi yakosa pointi tatu", kama mtu aliyezisahau kwenye mkahawa.

Mimi ndiye Shaweji, msomaji wa habari za michezo wa Redio Nusunusu, mwaka wa ishirini na sita huu. Sauti yangu mnaijua, msijifanye. Kila siku saa saba kasoro dakika kumi nafungua kipaza sauti, nawapa Radi dakika tano, Tufani dakika tano kasoro kidogo, na Jumatano tunabadilisha ili pasiwe na upendeleo. Nikimaliza nasema, kwa sauti ya kushuka taratibu: "Na katika matokeo mengine..." Hapo inagonga kengele ya saa saba. Sijawahi kuichelewesha hata siku moja. Wapo wasikilizaji waliokua wakiamini kwamba Matokeo Mengine ni jina la kengele.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, na mnihukumu kwa haki kama mnaijua.

Kuna mji unaitwa Matanuri, saa tatu kwa basi kutoka makao makuu. Huko watu wanachoma chokaa. Mistari yote myeupe ya Uwanja wa Taifa, kuanzia ya golini mpaka ya kona, imechorwa kwa chokaa ya Matanuri. Wana timu yao, inaitwa Chokaa, nayo imo ndani ya Na Nyinginezo. Kipa wao alikuwa Ngwali Makame, kijana wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mpole, mchoma chokaa siku za kazi na kipa siku za mechi. Sebuleni kwake alibandika picha kubwa ya Umeme, mshambuliaji wa Radi. Picha yake mwenyewe hakuwa nayo hata moja. Msimshangae. Mwenyekiti wa Chokaa alikuwa akija mazoezini na jezi ya Tufani, na wachezaji wa Chokaa, mechi yao ikigongana na ya Radi, walikuwa wakiomba mapumziko yarefushwe ili wasikilize redio. Mji mzima wa Matanuri usingekuambia jina la kipa wa Matanuri. Ila jina la mbwa wa Umeme walilijua, na siku yake ya kuzaliwa.

Basi Chokaa ikaja mjini kucheza na Radi. Dakika ya themanini, bila bila, Radi wakapewa penalti. Umeme akapiga. Ngwali akaupangua, mpira ukamrudia Umeme, Ngwali akajitupa akaulalia. Umeme akaja na mguu. Ule mguu ulikuta tumbo.

Nilikuwa pale pale nyuma ya goli na daftari langu. Umeme alianguka akipiga mayowe na kushika kidole gumba cha mguu wa kulia. Uwanja ukanyamaza, wanawake wakaanza kulia. Mwamuzi akamwonyesha Ngwali kadi ya njano kwa kosa la kuwa na mbavu. Na Ngwali, kwa masikio yangu haya nilimsikia, alitambaa kwa magoti mpaka kwa Umeme, uso umempauka kama chokaa yao, akasema, "Nisamehe sana kaka. Sikujua kama unakuja."

Mechi iliisha bila bila. Tukatangaza kwamba Radi imepata pointi moja, na ile nyingine ikaenda kusikojulikana.

Kesho yake Nusu Leo lilitoka na kurasa kumi na mbili za kidole. Ukurasa wa kwanza, kidole chenyewe. Wa pili, historia yake tangu utotoni. Wa tatu, mahojiano na fundi viatu aliyewahi kukipima. Mashabiki wa Tufani walifurahi kwa siku moja, kisha wakaona wameachwa nje ya habari, wakatangaza kwamba nahodha wao ana mafua. Haikusaidia. Misikiti na makanisa yaliombea kidole. Waziri wa Michezo akakitembelea hospitali, akasimama mbele ya kamera na shada la maua.

"Ndugu wananchi," alisema, "wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga hawakumwona Umeme!"

Tulipiga makofi dakika nne. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi, sioni haya kusema.

Jioni ya siku hiyo hiyo mke wa Ngwali, Bi Raya, alimfikisha mumewe Hospitali ya Taifa ya Wanamichezo kwenye bajaji, amejikunja, anatapika. Daktari akambonyeza tumbo, akasema bandama imepasuka, apasuliwe haraka iwezekanavyo. Ila kwanza apitie mapokezi.

Mapokezi kulikuwa na Bwana Pazi, karani mwaminifu mno, mtu asiyekula hata njugu za mgonjwa. Akatoa Fomu ya Kuthibitisha Umaarufu. Mnaijua ile fomu? Ilitungwa baada ya watu wa ovyo kuanza kujitia wanamichezo ili watibiwe. Unaandika jina, unagundisha kipande cha gazeti kinachokutaja au barua ya redio kwamba ulitangazwa, basi, unapokelewa. Utaratibu mzuri tu.

"Gazeti liko wapi, dada?" akauliza Bwana Pazi.

"Gazeti gani, baba? Mtu ametoka uwanjani jana. Watu elfu arobaini wamemwona."

"Hao elfu arobaini walikuwa wanamtazama Umeme. Nilikuwepo. Mimi mwenyewe sikumwona mtu mwingine."

"Umeme kaumia kidole kwa kumpiga teke nani?"

Bwana Pazi akafungua Nusu Leo, akasoma kwa makini kurasa zote kumi na mbili, kidole cha shahada kikifuata mistari. "Hapa hawasemi," akajibu. "Wanasema alikumbana na kizuizi."

Bi Raya akalichukua lile gazeti mwenyewe, akalipekua. Mama yule ana macho. Ukurasa wa saba akaona picha ya penalti: Umeme katikati, amejaa tele, na pembeni kabisa, pale mkasi wa mhariri ulipopita, glavu moja imegusa mpira. Chini yake wameandika: "Shuti la Umeme likizuiwa na glavu."

"Huyu ndiye mume wangu!" akapiga kelele. "Hii glavu nimeishona kwa mkono wangu, tazama uzi mwekundu!"

Bwana Pazi akaletewa ile glavu. Akaiweka juu ya picha, akavaa miwani, akahesabu mishono. Sasa hapa ndipo mnapotakiwa kuiheshimu serikali yetu, kwa sababu karani mwingine angekataa tu. Yeye alikuna kichwa, akaenda kushauriana na wakubwa, akarudi na jibu. Mkono wa kulia umethibitika kwamba ni wa mwanamichezo. Umeonekana gazetini, kwa hiyo utalazwa. Mwili uliobaki haujathibitika.

Basi mkono ukalazwa, wodi ya pili, kitanda namba tisa. Ukapimwa joto, ukafungwa bandeji safi, ukaandikiwa dawa ya kupaka. Mwili uliobaki ukaruhusiwa kukaa pembeni yake kama mgeni, saa za kutazama wagonjwa. Saa zikiisha, muuguzi aliomba radhi, akausogeza mwili nje barazani na kuuacha mkono umepitishwa dirishani. Bi Raya alikaa barazani akimpepea. Ngwali hakulalamika. Aliuliza tu kama kuna habari yoyote ya kidole.

"Kidole cha nani?" mkewe akamfokea. "Wewe tumbo limekujaa damu, unaniuliza kidole cha mtu?"

"Raya, usiseme hivyo," akamwambia. "Tuna mechi Jumapili."

Jumapili Chokaa hawakuwa na mechi. Radi ndio waliokuwa nayo.

Alhamisi asubuhi Bi Raya akaja kituoni kwetu. Alikuwa na kanga mbili na vumbi jeupe kwenye nyusi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Kwanza alikuwa amerudi Matanuri kutafuta mashahidi. Alikuta mji umefungwa kwa ajili ya dua ya kidole. Mwenyekiti wa Chokaa alimwambia angependa sana kumsaidia, ila watu wakijua kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa Chokaa watamcheka.

"Kaka Shaweji," akaniambia, "daktari anasema hafiki Jumamosi. Sikuombi umsifu. Sikuombi uje kumwona. Sema jina lake tu redioni, mara moja, wanipe barua. Basi."

Nitasema kweli: moyo uliniuma. Mimi si jiwe. Nikampeleka kwa Mkurugenzi wetu, Bwana Kihoro, msomi mkubwa, mtu aliyesomea habari ng'ambo mpaka akasahau kilichotokea huku.

"Mama," Bwana Kihoro akamwambia baada ya kumsikiliza, "habari si jambo lililotokea. Mambo yanatokea mengi, hata kuku anataga. Habari ni jambo ambalo wananchi wanaliulizia. Je, yupo aliyepiga simu kumuulizia mumeo?"

"Watamuuliziaje nao hawamjui?"

"Ndiyo maana hawamuulizii."

"Basi watangazieni wamjue!"

"Tumtangaze mtu ambaye hawamuulizii?" Bwana Kihoro akanigeukia, akacheka kwa huruma. "Unaona, Shaweji, matatizo ya elimu yetu?"

Bi Raya hakucheka. Alikaa chini sakafuni mwa ofisi ile, juu ya zulia lenye nembo ya taifa, akasema haondoki. Bwana Kihoro alikuwa na mkutano saa nne, akatazama zulia, akatazama saa, akatoa uamuzi wa busara. Kesho Ijumaa, nikishasema "Na katika matokeo mengine", kama kutabaki sekunde yoyote kabla ya kengele, jina la huyo bwana nilitaje. Isipobaki, ni mapenzi ya Mungu.

Usiku ule niliandika sentensi kwenye karatasi: "Kipa wa Chokaa, Ngwali Makame, amelazwa hospitali." Nikaipima kwa saa. Sekunde nne. Nikaisoma kwa haraka, ikawa tatu. Nikamwambia Bi Raya, wallahi nitalisoma, nenda kakae naye, muwekee redio karibu na sikio. Alinishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vya moto, na nilijiona mtu mkubwa sana, niwe mkweli.

Ijumaa niliwapa Tufani dakika nne na nusu tu, kwa ajili yake. Nani mwingine angethubutu? Nilimaliza zimebaki sekunde ishirini. Ishirini! Katika historia ya Redio Nusunusu hazijawahi kubaki sekunde ishirini. Nikashusha sauti. "Na katika matokeo mengine..."

Mlango ukafunguka. Bwana Kihoro mwenyewe, jasho linamtoka, mkononi karatasi kutoka wizarani. Akaiweka juu ya karatasi yangu. Nikaitazama, na mkinihukumu nataka mkumbuke kwamba mimi pia ni mtu, na ni Radi.

"Habari zilizotufikia hivi punde," nikasoma. "Madaktari wa Umeme wamethibitisha kwamba ukucha wa kidole chake umeanza kuota."

Zilibaki sekunde kumi na moja. Sentensi yake ni sekunde tatu, nilishaipima. Lakini habari ile ilikuwa tamu jamani, ilinijaa mdomoni, nikairudia. "Narudia: ukucha umeanza kuota." Kengele ikagonga.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Bi Raya mwenyewe. Redio ilikuwa dirishani, karibu na mkono uliolazwa. Niliposema "Na katika matokeo mengine", alimshika mumewe bega, akamwambia, "Sikiliza, sasa hivi, sikiliza, wewe ndiye huyu." Ngwali akafumbua macho. Akasikia ukucha. Akasikia ukucha tena. Akacheka, mwanamke yule ananiapia, alicheka kwa raha, akauinua ule mkono wa bandeji akaupiga kwenye kizingiti cha dirisha kama mtu anayeshangilia goli.

"Atacheza Jumapili," akasema. "Raya, nilikuwa sipati usingizi. Nilidhani nimemharibia."

Hayo ndiyo aliyosema mwisho. Alasiri mkono ukaruhusiwa kutoka, na kwenye faili wakaandika kwamba umepona.

Jumamosi walimzika Matanuri. Hapo bahati ikawaangukia, maana madaktari walisema kidole kinahitaji kutembezwa kidogo kwenye ardhi laini, na wizara ikaona hakuna ardhi laini kama ya kaburini. Umeme akaja na magongo mawili na wapiga picha kumi na saba. Matanuri yote ikafurika makaburini. Watu ambao hawakuwahi kwenda kutazama mechi ya Chokaa walikanyagana ili wamwone mzishi wa kipa wa Chokaa. Kelele zilikuwa "Umeme! Umeme!" mpaka imamu akaomba wamwache marehemu ashuke kwanza. Umeme ni kijana mwenye adabu. Alimuuliza Bi Raya marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Bi Raya akamtazama mguuni, akasema, "Alikuwa kizuizi." Umeme akamwambia pole sana, akamkumbatia upande ule ambao kamera zilikuwepo.

Kesho yake picha ikatoka Nusu Leo, ukurasa wa kwanza. Umeme, magongo, bandeji, kipande cha uso wa Bi Raya. Chini yake: "Kidole chaimarika. Nyota wa Radi akifariji familia ya shabiki wake, Ngwali Makame, mjini Matanuri."

Jina lote, bila kosa hata la herufi moja. Gazeti lile halikosei majina ya mashabiki wa Radi.

Nami nikadhani yameisha. Lakini nimeshawaambia kwamba serikali yetu haimsahau mtu. Wiki mbili baadaye Bi Raya akaja tena kituoni, vumbi jeupe lile lile kwenye nyusi, akaweka bahasha mezani kwangu.

"Nisomee, kaka Shaweji," akasema.

"Kwani hujui kusoma?"

"Najua. Wewe ndiye mwenye sauti."

Nikaifungua. Ilikuwa na muhuri wa Hospitali ya Taifa ya Wanamichezo na saini ya Bwana Pazi, karani yule mwaminifu. Alikuwa amelikata gazeti kwa mkono wake, bila kuombwa na mtu, akalibandika kwenye fomu iliyokuwa ikisubiri, akaipeleka mbele. Nikasafisha koo. Sauti yangu ikitoka inatoka, siwezi kuizuia. Watu wa ofisi ya jirani waliacha kazi wakasikiliza.

"Kwa Ndugu Ngwali Makame, mkereketwa mashuhuri wa Radi. Tunayo furaha kukuarifu kwamba umaarufu wako umethibitishwa na ombi lako la kupasuliwa bandama limekubaliwa, mwili mzima. Unatakiwa ufike mwenyewe Jumatatu saa mbili kamili asubuhi. Uje na barua hii. Uje ukiwa hujala kitu chochote tangu usiku."

Bi Raya alikuwa ameinama, anakunja ncha ya kanga na kuikunjua.

"Hilo la mwisho," akasema, "kalitimiza."

Akaichukua barua, akaikunja, akaitia kifuani. Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa nacho kabisa, kiko hapa kooni. Lakini nikatazama ukutani, ikawa saa saba kasoro dakika kumi na mbili, na siku hiyo tulikuwa hewani moja kwa moja kutoka ikulu, ukucha unakatwa kwa mara ya kwanza.